Kwa Shuka Moja, Miaka Saba Ng'ambo: Majibu kuhusu Wafungwa Wanawake wa Ireland

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu wanawake wa Ireland waliohukumiwa kwa wizi katika karne ya 19 na kusafirishwa hadi makoloni ya Uingereza huko Australia. Barua na ujumbe wa simu vimekuja kutoka Dodoma mjini, Kondoa, Mpwapwa, Bahi na hata Manyoni. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha. Swali la mwanafunzi wa chuo kikuu limechukua nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu wengi mmetaka kujua jambo hilohilo: mtu anawezaje kumfuatilia mfungwa mmoja akiwa hapahapa Dodoma.

Mhariri, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanakataa katakata kwamba mtu alihamishwa nchi kwa kuiba shuka. Ni sheria gani iliruhusu hivyo? Na mbona kila mara zinatajwa nguo? (Mwalimu wa historia, Kondoa)

Mwalimu, waambie wanafunzi wana haki ya kushangaa, ila jambo lenyewe ni la kweli. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1820 sheria ilitenganisha wizi mdogo na wizi mkubwa kwa thamani ya mali iliyoibwa, na mpaka wake ulikuwa shilingi moja. Thamani ikipita hapo, kosa lilihesabiwa miongoni mwa yale mazito yaliyoweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Kuhamishwa ng'ambo kulikaa katikati: adhabu nzito kuliko jela ya wilaya, nyepesi kuliko kunyongwa. Makoloni ya Marekani yalipojitoa katika mikono ya Uingereza, njia ya kupeleka wafungwa huko ilifungwa, na mwaka 1788 msafara wa kwanza ulifika Sydney. Meli ya kwanza kutoka Ireland moja kwa moja, Queen, iliondoka Cork mwaka 1791.

Vifungo vilitolewa kwa vipimo: miaka 7, 10, 14, au maisha. Ule wa miaka 7 ndio uliokuwa wa kawaida kwa wezi. Mpaka biashara hiyo inakoma, wafungwa kama 162,000 walikuwa wamepelekwa Australia, wanawake wakiwa karibu 25,000. Waliotoka bandari za Ireland kati ya wanawake hao walikaribia 9,000.

Kuhusu shuka, kuna jambo ambalo makala nyingi hulipita. Mara nyingi shuka ile haikuwa kosa la kwanza. Hakimu alikuwa na taarifa ya jela mbele yake, na mwanamke aliyekwisha kukaa ndani miezi mitatu kwa kuiba kuku na miezi sita kwa kuiba sufuria alipewa adhabu ya kuhamishwa mara iliyofuata. Tena Ireland ilikuwa na sheria yake juu ya uzururaji: asiye na makao wala mtu wa kumdhamini aliweza kupewa miaka 7 hata bila ya kuiba chochote. Ukikuta neno hilo la uzururaji kwenye rejesta, usilidharau.

Nguo ziliibwa kwa sababu zilikuwa mali inayogeuka pesa haraka. Kwanza zilianikwa juu ya ua wa miti kandokando ya njia, hazina mlinzi. Pili, maduka ya rehani yalikuwa kila mji: unaweka koti au blanketi, unapewa senti kadhaa papo hapo. Tatu, mtumishi wa ndani alikuwa na ufunguo wa kabati la bosi wake. Ndiyo maana wenye maduka ya rehani huonekana mara kwa mara kama mashahidi wa upande wa mashtaka. Vijijini orodha inabadilika: kondoo, ng'ombe, bata, siagi, viazi vilivyochimbwa usiku katika shamba la mtu.

Wahariri, shikamooni. Sisi wa Mpwapwa tumekulia kwenye njia ya misafara, hadithi za watu waliofungwa minyororo tunazo. Je, hawa wanawake walikuwa watumwa? (Msomaji, Mpwapwa)

Marahaba. Hapana, na tofauti si ya maneno tu. Mfungwa alikuwa na hukumu yenye mwisho. Hakuuzwa, serikali ndiyo iliyobaki na mamlaka juu yake, na ilimgawa kwa mwajiri kisha ikaweza kumrudisha. Mtoto wake alizaliwa huru. Aliweza kumshtaki bwana wake mbele ya hakimu, na wapo waliofanya hivyo, ingawa mahakimu wengi walikuwa marafiki wa hao mabwana. Muda ukiisha alipewa cheti cha uhuru.

Lakini msidanganyike na cheti. Ndani ya muda ule aliweza kuadhibiwa kwa kujibu vibaya, kulewa, kuchelewa kurudi, au kukutwa mahali asipotakiwa. Adhabu zilikuwa chumba cha peke yake, mkate na maji, kazi ya kufua kwenye mabeseni ya mawe na, katika miaka ya mwanzo, kunyolewa nywele. Hiyo ya nywele waliichukia kuliko zote, na walinzi walikuwa wakijiandaa kwa vurugu kabla ya kutoa mkasi.

Na hawakuwa wa kuinamisha kichwa tu. Mwaka 1827 kule Parramatta, karibu na Sydney, mgawo wa mkate na sukari ulipopunguzwa, wanawake walivunja lango la gereza, wakaingia mjini na kubeba mikate na nyama kwenye maduka. Wanajeshi ndio waliotumwa kuwarudisha, na wengine walirudi na mikate yao kwenye aproni.

Ninasoma historia UDOM, mwaka wa tatu. Nataka kuandika tasnifu juu ya mfungwa mmoja tu, mwanamke wa Ireland, badala ya takwimu za jumla. Sina nauli ya Dublin wala ya Hobart. Nianzie wapi, na ni wapi watu huwa wanapotea njia? (Mwanafunzi, Dodoma)

Dada, nauli huihitaji. Rejesta za wafungwa za Tasmania zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa kwenye intaneti bure, na kumbukumbu za wafungwa za Australia ziliingizwa mwaka 2007 kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Unachohitaji ni subira, daftari, na kompyuta yenye kioo kikubwa. Simu itakutesa, maana maandishi ni ya mkono na yamebanana.

Kwanza chagua kipindi, kwa sababu kipindi ndicho kinachoamua utapata nini. Waliofika New South Wales, yaani upande wa Sydney, walikoma mwaka 1840. Kuanzia hapo hadi 1853 wanawake wote walipelekwa Van Diemen's Land, kisiwa ambacho tangu 1856 kinaitwa Tasmania. Makarani wa kisiwa hicho walikuwa na ugonjwa wa kuandika kila kitu. Tunakushauri umchukue mwanamke aliyefika Hobart, mji mkuu wa kisiwa hicho, kati ya 1844 na 1853. Kabla ya hapo kumbukumbu zipo, lakini maelezo ni haba zaidi, na upande wa Ireland kuna shimo kubwa: rejesta za uhamisho za kabla ya 1836 ziliteketea Dublin mwaka 1922, jengo la kumbukumbu lilipoungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Anzia Ireland. Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo ina faharasa ya wafungwa waliohamishwa, iliyotengenezwa kama zawadi kwa Australia mwaka 1988. Andika jina la ukoo na kaunti, utapata mahali pa kesi, tarehe, kosa, kifungo, na namba ya jalada. Iangalie namba hiyo vizuri. Ikianza na herufi CRF au PPC maana yake kuna maombi ya huruma: barua ambayo mfungwa, mama yake au padri wa parokia alimwandikia mwakilishi wa mfalme huko Dublin. Hilo ni jalada lenye nyama. Lisome ukikumbuka kwamba barua nyingi ziliandikwa na waandishi wa kulipwa, na kilio chake kina fomula: wazazi wazee, watoto wadogo, kosa la kwanza, ushawishi wa watu wabaya. Fomula si lazima iwe uongo. Lakini usiinukuu kana kwamba ni sauti yake mwenyewe.

Kisha nenda Hobart. Kwenye faharasa ya majina ya Tasmania, Tasmanian Names Index, andika jina pamoja na meli. Jina peke yake halitoshi kamwe. Mary Kelly, Bridget Ryan, Catherine Murphy: utapata lundo, na mara nyingine wawili wenye jina moja ndani ya meli moja, karani akiwatofautisha kwa kuandika wa kwanza na wa pili. Jina, meli na mwaka wa kufika ndivyo vinavyomtambulisha mfungwa. Mwaka usiuache, maana meli moja iliweza kuja zaidi ya mara moja. Ile iliyoitwa Tasmania ilileta wanawake mwaka 1844 kutoka Uingereza, ikaleta wengine mwaka 1845 kutoka Dublin. (Ndiyo, meli ilibeba jina hilo kabla kisiwa hakijapewa rasmi.)

Ukishampata, fungua vitabu vinne. CON41 ni rejesta ya mwenendo ya wanawake waliofika 1844 hadi 1853. Kwa waliotangulia tumia CON40. CON15 ni orodha ya kuwasili. CON19 ni ya maumbile. CON52 ni ya maombi ya ndoa. Vyote vinahusu mtu mmoja, na kazi yako ni kuvilinganisha.

Ukurasa wa CON41 una mpangilio wake. Juu kuna kesi: wapi, lini, miaka mingapi. Kisha inakuja sentensi fupi: amehamishwa kwa kosa hili, taarifa ya jela inasema hivi, yeye mwenyewe anasema hivi. Hapo simama. Mahakama inaweza kuwa imeandika “wizi” tu, yeye akamwambia karani ni shuka mbili na gauni, akataja na mwenye mali. Kisha akaongeza kwamba aliwahi kufungwa mara mbili, kwa mfano miezi sita kwa blanketi. Mahojiano haya yalifanyika alipofika, na mfungwa alijua kwamba karatasi zake zimekwisha kutangulia, kwa hiyo kudanganya hakukuwa na faida kubwa. Ndiyo maana watafiti wengi huyaamini maelezo hayo kuliko hati ya mashtaka. Nasi tunakubaliana nao, ila si kuhusu umri.

Baada ya hapo kuna urefu kwa futi na inchi bila viatu, umri, kazi, dini, kama anajua kusoma au kuandika, kaunti alikozaliwa. CON19 inaongeza rangi ya ngozi, nywele, macho, umbo la kidevu, makovu, mabaki ya ndui, chale. Habari hizi ziliandikwa ili akitoroka atangazwe gazetini, si kwa ajili ya mtafiti wa Dodoma, lakini zinakufaa sana: kovu juu ya jicho la kushoto linamtenganisha Mary Kelly mmoja na mwingine kuliko umri.

Sehemu ya chini ya ukurasa ndiyo imebeba maisha yake kisiwani, tarehe kwa tarehe, kwa vifupisho. TL ni tiketi ya ruhusa, yaani anaweza kujitafutia kazi ndani ya wilaya. CP ni msamaha wenye masharti. FS maana yake amemaliza kifungo na yuko huru. R.C. kwenye dini ni Mkatoliki wa Roma. Ukiona sehemu hii ni tupu, usiseme aliishi kwa amani. Inaweza kumaanisha tu kwamba alipata mwajiri asiyependa kwenda kwa hakimu.

Sasa mahali watu wanapopotea. La kwanza ni majina. Wengi wa kaunti za magharibi walizungumza Kiayalandi, karani aliandika alichosikia kwa Kiingereza chake. O'Brien anakuwa Brien, McCarthy anakuwa Carthy. Honora ni Nora na ni Hanora. Johanna, Judith na Julia hubadilishana bila taarifa. Bridget ni Biddy, Margaret ni Peggy. Mwanamke aliyeolewa mara nyingi aliendelea kuandikwa kwa ukoo wa baba yake, kisha jina la mume likawekwa baada ya neno la “au”. Tafuta yote mawili.

La pili ni umri. Mtu asiye na cheti cha kuzaliwa hukadiria, na Ireland haikuanza kusajili vizazi serikalini hadi 1864. Mpe nafasi ya miaka mitano huku na huku. Ukitaka ubatizo, vitabu vya parokia za Kikatoliki vimewekwa kwenye intaneti na Maktaba ya Taifa ya Ireland, bure, lakini havina faharasa ya kuaminika kwa kila parokia na vingine vimefifia vibaya. Sensa za 1841 na 1851 usizipotezee muda. Karibu zote ziliungua mwaka 1922.

La tatu ni kazi. “Mpishi”, “mfuaji”, “mtumishi wa shambani”: makarani walikuwa wanajaza soko la ajira, na mwanamke aliyejiita mpishi alijua kwamba mpishi hapelekwi kuchunga. Itazame kama ombi la kazi.

La nne linawapata hata walimu wetu: kumhesabu kila mwanamke wa Ireland kuwa aliondoka Ireland. Wapo waliohukumiwa London au Liverpool, kwa kuwa walikwisha kuvuka kutafuta kibarua. Eliza Callaghan, mzaliwa wa kaunti ya Clare, alihukumiwa London kwa noti bandia, akafika Hobart mwaka 1821, akatoroka, na baadaye akaolewa na John Batman, mmoja wa waanzilishi wa mji wa Melbourne. Katika faharasa ya Dublin hutamkuta.

Kila unachonakili, andika namba ya kitabu na ukurasa wa picha siku hiyohiyo. Msimamizi wako ataiuliza, na wewe hutaikumbuka.

Mimi ni mkunga mstaafu, Chamwino. Mmeandika kuhusu wanawake lakini watoto mmewaruka. Aliyekuwa na mtoto mchanga ilikuwaje? Na aliyebeba mimba huko? (Bibi wa Chamwino)

Bibi, umetukamata. Mama aliruhusiwa kusafiri na watoto wadogo, na meli nyingi za wanawake zilikuwa na watoto kadhaa chini ya sitaha. Wakubwa waliachwa kwa ndugu au kwenye nyumba za maskini. Safari ilikwenda miezi mitatu hadi minne. Kila meli ilikuwa na daktari msimamizi, utaratibu ulioanza mwaka 1815, ambaye mamlaka yake juu ya wafungwa yalikuwa makubwa kuliko ya nahodha. Aligawa wanawake katika vikundi vya chakula vya watu sita hadi wanane, akawatoa juu kupata hewa, akawapa maji ya ndimu yenye sukari kuzuia kiseyeye. Shajara zake zimehifadhiwa London, na ukizisoma utaona magonjwa unayoyajua: kuhara, kufunga choo, homa, kichefuchefu kisichokoma, maziwa ya mama kukauka. Watoto ndio waliokufa kwa wingi kuliko mama zao, hasa wale walioachishwa ziwa njiani.

Hobart mambo yalikuwa mazito zaidi. Gereza la Cascades lilifunguliwa mwaka 1828 ndani ya kiwanda cha zamani cha pombe, bondeni chini ya mlima Wellington, kando ya kijito. Jua lilifika kwa muda mfupi, kuta zilitoa unyevu, na wodi ya watoto ilikuwa na msongamano. Mwanamke aliyepata mimba akiwa kifungoni, nje ya ndoa, alirudishwa hapo kujifungulia. Alinyonyesha kwa miezi michache, mtoto akaachishwa, naye akahamishiwa daraja la adhabu kwa miezi 6. Wewe mkunga unajua nini humpata mtoto aliyeachishwa ghafla na kupewa uji na mkate uliolowekwa katika chumba cha baridi. Vifo vilikuwa vingi kiasi kwamba mwaka 1838 uchunguzi ulifanyika na watoto wakahamishiwa nyumba nyingine mjini. Vifo vilipungua kwa muda tu. Makosa ya msongamano na ulishaji yaliwafuata huko.

Waliopona walitolewa kwa mama wakiwa na miaka miwili au mitatu, wakapelekwa shule ya yatima ya New Town, ingawa mama zao walikuwa hai na pengine umbali wa kutembea tu. Mama aliyepata tiketi na mume au kazi ya kueleweka aliweza kuomba arudishiwe mwanawe. Maombi hayo yapo, na ndani yake ndimo sauti za wanawake hawa zinaposikika vizuri zaidi.

Walivaa nini? Nasikia kulikuwa na shuka la viraka mashuhuri. (Fundi cherehani, Majengo, Dodoma)

Fundi, shuka hilo lipo. Lilishonwa mwaka 1841 ndani ya meli Rajah ikitoka Uingereza kwenda Hobart, na sasa limehifadhiwa Canberra katika jumba la taifa la sanaa. Kamati ya wanawake iliyoanzishwa na Elizabeth Fry, Mwingereza mtetezi wa wafungwa, iliwapa wafungwa mfuko wenye sindano, nyuzi, uzi wa sufu, mkasi na vipande vya vitambaa ili mikono isikae bure. Wale hawakuwa wa meli ya Ireland, lakini mifuko ya namna hiyo ilitolewa kwa meli nyingi.

Cascades sare ilikuwa ya kitambaa kigumu cha bei nafuu. Daraja la kwanza halikuwa na alama. La pili lilishonewa herufi C kubwa ya njano kwenye mkono wa kushoto wa koti. Daraja la adhabu lilikuwa nazo tatu: mgongoni, kwenye mkono wa kulia, na nyuma ya sketi. Fundi ataelewa kwa nini ilishonwa badala ya kupakwa rangi: rangi ingefutika kwenye kufua, na kufua ndiyo iliyokuwa kazi yao ya kutwa.

Wazee wetu walitusimulia Mtunya, njaa ya Ugogo. Walisema mwenye njaa hana miiko. Je, wale wa Ireland nao waliiba kwa njaa? (Mzee, Bahi)

Mzee wetu, wengi ndiyo, hasa kati ya 1846 na 1850. Ukungu ulioozesha viazi uliingia mwaka 1845, na mwaka uliofuata ukafagia karibu mazao yote ya chakula cha maskini. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakaondoka. Hapa na Mtunya kuna kufanana kwa jambo moja tusilopenda kulificha: njaa haikuwa ya mmea au mvua peke yake. Ugogo majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalikwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo kabla ya ukame kumaliza kazi. Ireland nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa kwenda kuuzwa Uingereza, na sheria ya 1847 ilimnyima msaada wa serikali mtu yeyote mwenye zaidi ya robo ekari ya shamba. Aache shamba, au alale njaa.

Rejesta za miaka hiyo zinajaa kondoo, ng'ombe, unga. Zinajaa pia uchomaji wa nyumba na mazizi, na baadhi ya wanawake walimwambia karani waziwazi kwamba walichoma ili wahamishwe. Van Diemen's Land kulikuwa na mgawo wa chakula. Jela ya wanawake ya Grangegorman, Dublin, ambako walikusanywa kabla ya kupakiwa, ilifurika. Lakini si sahihi kuwafanya wote wahanga wa njaa. Wizi wa mijini, wa nguo na pochi, ulikuwepo kabla ya 1845, na wapo waliouishi kama kazi.

Maswali mawili ya haraka: meli zilizama? Na kuna waliorudi kwao? (Msomaji, Manyoni)

Zilizama chache. Kwa Ireland msiba mkubwa ni wa Neva, iliyoondoka Cork Januari 1835 na wanawake 150 pamoja na watoto. Mei 13 iligonga mwamba karibu na kisiwa cha King, kaskazini magharibi mwa Tasmania. Zaidi ya watu 200 walikufa. Walionusurika walikuwa 15, sita kati yao wafungwa.

Waliorudi ni wachache mno. Hukumu ilikulipia nauli ya kwenda, ya kurudi ni juu yako, na mshahara wa mtumishi wa ndani haukuitosha. Wengi waliolewa, mara nyingi na mfungwa mwenzao, wakitumia ruhusa ya serikali ile iliyo kwenye CON52. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1851 katika koloni la Victoria, Australia bara, walionunua tiketi ya meli walivuka kutoka Launceston, bandari ya kaskazini mwa Tasmania, kwenda Melbourne, na baadhi yao walibadili jina bandarini ili doa la ufungwa lisiwafuate. Kwa hiyo ukiona mstari wa mwisho wa rejesta ni FS na mwaka, usidhani alikufa hapo. Tafuta orodha za abiria walioondoka Launceston, ziko kwenye faharasa ileile ya majina, kisha angalia ndoa na vifo vya Victoria kwa jina la mume.